Vipo Vyote Kumi

Fundi huyu wa lifti walimwita Kiganja, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kazini. Mafundi wengine wakikagua kamba za lifti hushika kitambaa, wakakizungushia kwenye kamba ya waya, mashine ikaendeshwa polepole, na palipo na uzi uliokatika kitambaa kikanasa. Yeye hakutaka kitambaa. Aliweka kiganja kitupu, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na kamba ikapita. Akisema "hapa," basi ni hapo. Leta miwani, leta tochi, utakuta uzi mmoja mwembamba kama unywele umekatika na kuchomoza. Kampuni nzima ilimjua kwa hilo, na yeye mwenyewe, jamani, alijijua kupita kiasi.

Sasa mtu kama huyo mwambie kwamba viganja vyake vimekufa ganzi, uone.

Saratani ilimkuta kwenye utumbo mpana. Walimpasua, wakakata walichokata, halafu daktari wake, mtu mfupi asiye na maneno mengi, akamkalisha na kumweleza: "Tutakupa dripu kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili. Ukizimaliza, nafasi yako ni nzuri." Kiganja akaing'ang'ania ile kumi na mbili kama mtu aliyetia saini mkataba. Daktari aliendelea kusema. Alisema kuhusu baridi, kuhusu vidole, kuhusu dozi kupunguzwa ikibidi na kwamba hilo si mwisho wa dunia. Lakini Kiganja masikio yalikuwa yameshafungwa. Kumi na mbili bila kuruka ni uhai, kumi na moja ni kifo. Ndivyo alivyoelewa, na hakuna aliyejua kwamba ameelewa hivyo, kwa sababu hakumwambia mtu.

Kwenye dripu ya tatu akigusa mlango wa friji vidole vilimpiga kama umeme. Akanyamaza. Kwenye dripu ya tano umeme ukaisha, na masikini wa watu akafurahi, akadhani ni nafuu. Nafuu wapi! Vidole ndiyo vilikuwa vinaaga.

Kila Jumatano ya dripu, muuguzi wa chumba kile, mama mcheshi ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alipita na kadi mkononi akimuuliza kila mtu maswali yaleyale. Unalala? Unakula? Akifika kwa Kiganja, "Vidole vipo?"

"Vipo vyote kumi," Kiganja akainua mikono juu, akaichezesha.

Chumba kizima kikacheka. Sista naye akacheka, akaandika kwenye kadi kwamba hakuna shida. Mara ya pili wakacheka tena. Ikawa ndiyo desturi ya chumba, kiasi kwamba wagonjwa wapya walisubiri Kiganja aulizwe ili wapate kucheka. Na kila alipoichezesha ile mikono, yeye peke yake alijua kwamba anaiona ikicheza lakini haisikii.

Sista huyohuyo ndiye aliyekuja siku moja na karatasi ya rangi ya waridi. "Nikuandikie kwa mshauri nasaha? Yuko ghorofa ya tano. Mazungumzo tu, hakuna sindano."

"Sista, mie kichwa changu kizima. Walichokata ni utumbo."

Wakacheka. Baada ya mwezi karatasi ikarudi. "Mpe anayelia," Kiganja akasema, na watu wakacheka, ila kidogo. Mara ya tatu hakutania. Alisema "Hapana" kwa sauti kavu, na Sista akaondoka na karatasi yake.

Watu wangemuuliza kwa nini, angetoa sababu za kiume: mimi si mwendawazimu, mimi si wa kulia mbele ya mwanamke nisiyemjua, mimi nina kazi. Zote hizo zilikuwa kweli nusunusu. Sababu yenyewe hasa ilikuwa nyingine, na alikuwa nayo kwa miaka kumi na moja kabla hajaugua.

Lifti ya hospitali ile ilikuwa mikononi mwake. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alipanda ghorofa ya tano, akapita korido, na mwisho kabisa wa korido, baada ya ngazi tatu za chuma, akafungua chumba cha mashine. Chumba kile kina joto la kuoka mtu, kwa hiyo mlango aliuacha wazi. Na mlango huo unatazamana na mlango wa mshauri nasaha. Miaka kumi na moja, basi, Kiganja amekaa juu ya ngazi zake akinywa chai ya chupa na kuwatazama watu wakiingia pale. Wanaingia wamejikaza. Wanatoka macho mekundu. Ndani, mlango ukifunguliwa, aliona viti viwili, pazia la kijani, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, limejaa pomoni siku zote. Na watu hao, mwezi uliofuata, hakuwaona tena. Huja wengine. Mwezi mwingine, wengine.

"Sijawahi kumwona mtu akiingia pale mara tatu," alimwambia mwenzake. "Miaka kumi na moja. Hata mara mbili ni kwa nadra. Unajua maana yake?"

Mwenzake huyo walimwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Yeye ndiye aliyesimama kwenye swichi wakati Kiganja akiwa kwenye kamba. "Labda wanapona," Kimya akasema.

"Wanapona! Mtu anatoka pale analia, anapona?"

"Sisi wenyewe tunakuja mara moja kwa mwezi, ndugu yangu. Hata mfagiaji wa chini ningemwona mara moja kwa mwezi ningesema kafa. Juzi shemeji yangu alikuwa…"

"Nyamaza, shika swichi."

Na Kimya alikuwa amesema ukweli mtupu, ila nani humsikiliza mtu anayesema kutwa nzima? Kiganja aliamini anachokiona. Kazi yake ilikuwa ni hiyo, kusoma dalili kabla kitu hakijakatika, na dalili alizozisoma kwenye mlango ule zilimwambia neno moja: hapo ndipo wanapopelekwa ambao daktari ameshawakatia tamaa. Ile karatasi ya waridi ikawa ndiyo hukumu. Nani huifuata hukumu kwa miguu yake mwenyewe?

Kisha likatokea la Mwalimu. Huyu alikuwa mwanamke aliyefundisha hesabu miaka mingi, kiti chake cha dripu kilikuwa jirani na cha Kiganja, na alimsahihisha kila mtu hesabu za siku zake zilizobaki. Kwenye dripu ya nne Sista alimpa Mwalimu karatasi ya waridi, na Mwalimu akaipokea, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba. "Nitakwenda," alisema. "Miguu hii nayo inanitisha."

"Usiende," Kiganja alimnong'oneza.

"Kwa nini?"

Akashindwa kumwambia. Wiki mbili baadaye kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu. Nyingine mbili, kilikaliwa na mzee asiyemjua. Kiganja hakuuliza. Katika chumba kile watu hawaulizani habari za kiti cha jirani. Aliinua mikono yake juu, akaichezesha, vipo vyote kumi, na moyoni akasema: umeona sasa.

Nyumbani alikuwa na mke. Walizaa mapacha wa kike, sasa wako shule ya bweni, na tangu walipozaliwa yeye akawa Baba Pacha na mkewe Mama Pacha, wala hawajaitana vinginevyo. Mama Pacha alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi, tangu asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo Jumatano za dripu mume alikwenda peke yake. Alikuwa mwanamke wa kusema lililomo moyoni papo hapo, na kilichomuumiza zaidi ya ugonjwa wenyewe ni kwamba mume wake alikuwa amegeuka jiwe. Mume anakaa kwenye kiti chake, anatazama ukuta. Ukimuuliza, "Sijambo." Ukimshika, anainuka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa.

"Baba Pacha," alimwambia jioni moja, mikono kiunoni, "hospitali ile ina mtu wa kuzungumza na wagonjwa. Nimeambiwa na mteja. Utakwenda au nikuchukulie likizo nikupeleke kwa mkono kama mtoto wa chekechea?"

"Nitakwenda."

"Apa."

"Nimesema nitakwenda!"

Jumatano iliyofuata alirudi na dripu ya tano mwilini, akakaa kwenye kiti chake. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. "Ulikwenda?"

Hapa ndipo mtu angesema hapana, ugomvi ukapita, maisha yakaendelea. Kiganja alisema, "Nilikwenda."

"Eh! Akakuuliza nini?"

Akatafuta. Alidhani atasema jambo lolote la kumnyamazisha, lakini mdomo ukamponyoka. "Aliniuliza ninaogopa nini."

Mama Pacha akaacha kukunja. "Ukamjibu?"

"Nilimwambia naogopa wanangu wasinione nimekuwa mdogo. Wakija likizo wanikute suruali inanivuka."

Mama Pacha akakaa chini palepale juu ya nguo alizokwisha kunja, akalia, naye akamwambia kwamba mapacha wameshajua, wameandika barua, wanauliza tu kama baba bado anapiga mluzi asubuhi. Walizungumza mpaka chakula kikapoa. Ilikuwa miezi minne tangu wazungumze hivyo.

Basi ukawa ndio mtindo. Kila Jumatano ya dripu Kiganja alirudi na kikao cha uongo, na ndani ya kikao hicho akamwambia mkewe kweli zote alizoshindwa kumwambia uso kwa uso. Mshauri aliniuliza kama huwa nalia. Nikamwambia nililia kwenye chumba cha mashine, nikawasha mota ili Kimya asisikie. Mshauri aliniuliza kuhusu wewe; nikamwambia naona aibu unaponiosha. Mama Pacha akamwombea mema mshauri yule asiyemjua. Akashona foronya mbili nzuri za kumpelekea. "Mwanamke yule Mungu ambariki," alisema, na Kiganja akapokea foronya, akazificha kwenye begi lake la spana.

Ila jambo moja hakuliweka kwenye vikao. La vidole hakulisema hata kwa mdomo wa mshauri wake wa kubuni. Akilisema, litafika kwa daktari. Likifika kwa daktari, dozi itapunguzwa. Dozi ikipunguzwa, kumi na mbili inavunjika, na unajua tena alivyoihesabu.

Ganzi lakini haifichiki. Siku moja alirudi kutoka dukani na kandambili moja mguuni. Nyingine iliachwa barabarani, na jirani akaja kubisha hodi nayo mkononi. "Mzee, umeacha kiatu kama mlevi!" Wote watatu wakacheka. Kisha Mama Pacha akatazama mguu mtupu wa mumewe, umejaa mchanga na mkato mdogo unaotoka damu, akaacha kucheka kabla ya wenzake.

Vifungo vya shati akaanza kufungiwa. Funguo zikawa zinaanguka. Halafu ikaja Jumamosi ya sufuria. Kiganja alikuwa jikoni anaepua maji ya kuoga, Mama Pacha yuko chumbani, na Mama Pacha akasikia harufu. Mtu wa pasi anaijua harufu ya kitu kinachoungua. Anajua pamba inavyonuka, anajua sufu. Hii haikuwa nguo. Akakimbia, akamkuta mumewe amesimama ameshika mkono wa sufuria bila kitambaa, uso umetulia, anamuuliza, "Mbona unakimbia?"

Akamnyang'anya, akamfungua vidole. Ngozi ilibaki kwenye chuma.

"Huumii?"

"Kidogo."

"Baba Pacha, nitazame. Huumii?"

Kiganja akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Alichoogopa wala si ule moto.

Mama Pacha akachukua simu yake mezani. Namba ya daktari ilikuwa imeandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu, na alikuwa ameshabonyeza tarakimu tatu za kwanza. "Mshauri wako anajua habari hii ya mikono?" aliuliza huku anabonyeza.

"Anajua."

Kidole cha Mama Pacha kikasita. "Amesemaje?"

"Amesema ni kawaida ya dawa hizi. Itapita zikiisha. Amesema hata daktari anajua, nisiwe na wasiwasi."

Mwanamke aliyemfungua mume wake mdomo tena, aliyemfanya alie na kucheka ndani ya nyumba yake, ndiye aliyesema itapita. Angeacha kumwamini vipi? Mama Pacha akashusha pumzi, akaiweka simu mezani, akaenda kutafuta dawa ya moto.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu ilikuwa ya kwanza ya mwezi.

Kiganja alipanda ngazi za chuma akihesabu kwa macho kila anapokanyaga. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. Kazi ingefanywa na wa kulia. Kimya aliona bandeji, akauliza, akajibiwa "sufuria," na akaendelea na habari zake za shemeji. Waliweka vibao vya kuzuia watu kwenye milango yote ya lifti, wakafungua mlango kwa ajili ya joto, kila mtu akashika nafasi yake.

Mafundi hawa wana utaratibu wao, na utaratibu huo umeokoa watu wengi. Anayeshika swichi haendeshi kitu mpaka ataje anachotaka kufanya, na aliye kwenye kamba alirudie neno lilelile. "Shusha!" "Shusha." Ndipo mota inaunguruma. Kamba ikishuka kutoka kwenye gurudumu kubwa, mkono uko salama, maana kamba inausukuma mbali. Ikigeuzwa ikapanda kuelekea gurudumu, mkono unaondolewa. Unaondoa mkono kwanza, ndipo unalirudia neno. Kiganja mwenyewe amewafundisha hivyo nusu ya mafundi wa kampuni.

"Shusha!"

"Shusha," Kiganja akasema, akaweka kiganja kitupu kwenye kamba, akafumba macho.

Hakusikia kitu. Kamba ilipita na ilikuwa kama kushika hewa. Dripu ya sita alisikia mtetemo kwa mbali, dripu ya saba alijidanganya anausikia. Leo, baada ya ya nane, hapakuwa na chochote. Mwezi uliopita alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba kamba zote nzima, na sasa alijiuliza ni nini hasa alichokishika mwezi uliopita. Wagonjwa wangapi wamepanda humo tangu siku hiyo? Akafikiri: nimwambie Kimya alete kitambaa. Leo tu. Akafumbua macho ili aseme.

"Nyie watu! Mmenipandisha ngazi za ghorofa tano nzima, na miguu yangu hii!"

Sauti ilitoka koridoni. Kiganja akageuka. Mbele ya mlango wa mshauri, mkoba mkononi, anahema na kucheka, alisimama Mwalimu.

Alikuwa amenenepa. Nywele zimeanza kuota. "Fundi Kiganja! Bado upo?" akasema. "Nilikuwa nakuulizia kila siku. Mimi walinihamishia Ijumaa, wakanipunguzia dozi kwa sababu ya miguu. Huku kwa mshauri huwa naja Alhamisi, leo wamenibadilishia, na ndiyo namaliza. Na wewe, vidole vipo?"

Kiganja alitaka kujibu. Mambo mengi yalimpita kichwani kwa mpigo: kiti kitupu, nyuso zote za miaka kumi na moja, na neno la Kimya, labda wanapona. Na nyuma yake Kimya, anayesema kutwa, akasema neno moja la kazi.

"Geuza!"

"Geuza," Kiganja akajibu.

Ulikuwa ni mdomo tu. Ulikuwa umelirudia neno hilo mara elfu na elfu, na haukumsubiri mwenyewe. Mota ikageuza. Mkono wa mtu mwingine yeyote ungeshtuka, ungesikia kamba imesita, imekazana, sasa inapanda. Mkono wa kulia wa Kiganja ulibaki pale ulipowekwa, umeikumbatia kamba, ukapanda nayo kama abiria.

Hakusikia maumivu. Aliona uso wa Mwalimu unabadilika, akashangaa, akafuata macho yake. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimeshaingia kati ya kamba na gurudumu. Alivitazama vikienda. Kimya alipiga ukelele na kugonga swichi nyekundu, na mashine ikasimama, na hapo ndipo Kimya aliponyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mlango wa mkabala ukafunguka. Mwanamke mwembamba mwenye miwani akatoka mbio, akaona, akarudi ndani, akachomoa lile pazia la kijani kwenye fimbo yake. Alimfunga mkono kwa pazia hilo, akaukaza, akampandisha mkono juu, huku Mwalimu amemshika kichwa. "Unaumwa sana?" mwanamke yule aliuliza.

"Hapana," Kiganja akasema, na mwanamke akainua uso haraka, akamkazia macho.

Mpaka alasiri walikuwa wamemshona palipokuwa na vidole viwili. Mama Pacha alifika moja kwa moja kutoka kazini, aproni ya dobi bado kiunoni. Daktari yule mfupi alikuwa pembeni ya kitanda, anamaliza kueleza. Kidonda kile kipone kwanza. Damu yake iko chini, na dawa ikiingia sasa kidonda hakitafunga, kitaoza. Dripu zimesimamishwa. Miezi miwili, pengine zaidi, halafu watapima upya waone ugonjwa umefika wapi.

"Nimepata nane," Kiganja alisema.

"Nane, ndiyo."

"Kama ningesema habari ya vidole?"

Daktari akamjibu: "Tungepunguza dawa moja, ukaendelea na nyingine. Ungefika kumi na mbili. Wengi wanafika." Akamgusa bega, akaondoka.

Mshauri wa ghorofa ya tano alikuwa amesimama mlangoni, gauni lina damu, amekuja kumjulia hali. Mama Pacha alipoona kitambulisho chake kifuani, akainuka kama aliyechomwa.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu kwamba itapita? Nimekuombea! Nimekushonea foronya kwa mikono yangu! Mtu anashika moto hasikii, wewe unamwambia ni kawaida, asiwe na wasiwasi?"

"Mama," mshauri akasema taratibu, "mimi mume wako nimemwona leo kwa mara ya kwanza. Jina lake ninalo kwenye orodha ya waliokataa. Limerudi kwangu mara tatu."

Kwenye kitanda cha pili mtu alikohoa. Mama Pacha alibaki amesimama, mkono mmoja bado hewani, kisha akakaa polepole kwenye ukingo wa kitanda. Hakumtazama mshauri tena.

"Yale aliyokuuliza," alimwambia mumewe. "Unaogopa nini. Kulia kwenye mashine. Aibu ya kuoshwa. Nani alikuuliza?"

"Nilijiuliza mwenyewe."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Yale yote ni kweli, Mama Pacha. Haki ya Mungu. Uongo ni lile la mikono peke yake."

Mama Pacha akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Nilikuwa na simu mkononi," akasema. "Nilishabonyeza namba tatu. Lile la mikono ndilo lililonifanya niiweke chini."

Kiganja akafumba macho. Mshauri alivuta kiti kutoka kitanda cha jirani, akakaa mbali kidogo, bila karatasi wala kalamu.

Mama Pacha akauchukua mkono wa kushoto wa mumewe, ule ulioungua, akauweka mapajani pake. Bandeji ilifunika kiganja tu, vidole vilikuwa nje. Akashika kidole kidogo, akakiminya.

"Unasikia?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote, na watu wa kulichekea walikuwepo. Kiganja akalizuia kwa meno.

"Sisikii," akasema.

Akahamia kidole cha pili, akaminya zaidi. "Hiki?"

"Sisikii."

Mama Pacha akaendelea, kimoja baada ya kingine, kucha zikizama kwenye nyama, macho yake hayaondoki usoni pa mumewe. Akifika cha mwisho alirudi cha kwanza, akaanza upya, na kila alipouliza, Kiganja alimjibu.